Bimkubwa Haguswi Kizimbani

Siku mdogo wake alipofariki, Fundi alikuwa amepiga magoti, anakunja upindo wa gauni la bibi harusi. Simu ililia mezani, akaiacha. Ikalia tena, akaipokea na pini zikiwa bado mdomoni. Aliyepiga alikuwa msimamizi wa duka la rangi alikofanya kazi mdogo wake. Kijana alikuwa anachanganya rangi ya bluu, akasema kichwa kinamuuma, akakaa chini ukutani, na hakuinuka tena.

Fundi alifika hospitali na tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Mhudumu wa mapokezi alipomwona akadhani amekuja kwa kazi, akamwelekeza kwenye stoo ya mashuka.

Baada ya maziko, vitu vya marehemu vilihamishiwa chumbani kwa Fundi, dada yake, ghorofani juu ya karakana yake ya ushonaji: redio, kigoda, kikombe kilichomeguka mkono, na kizimba cha waya chenye panya. Hakuwa panya wa darini. Alikuwa panya wa kufugwa, jike, mwili mweupe, kichwa na mabega ya kahawia kama aliyejitanda ushungi. Marehemu alimwita Bimkubwa. Alikuwa amelalia shati la kazi la bwana wake, shati lenye madoa ya rangi za kila namna. Fundi alipoliona alishindwa kujizuia. Aliingiza mkono alichukue, alinuse tu, na Bimkubwa akamrukia, akamng'ata kidole cha shahada karibu kufika mfupani.

Shangazi yake, aliyekuwa anakunja mikeka ya msiba, aliruka juu ya kitanda. "Mtupe huyo! Mtupe leo hii!"

"Simtupi."

"Atakumaliza vidole, utashonea nini?"

Fundi alikizungushia kidole upindo wa kanga. Yule mnyama alikuwa ndiye kiumbe wa mwisho aliyelala chumba kimoja na mdogo wake. Alitaka aishi, na alitaka, siku moja, akubali kushikwa naye kama alivyokuwa akishikwa na marehemu. Basi.

Jumamosi moja alikwenda duka la vyakula vya mifugo. Watu walikuwa wamejaa mpaka barazani, vumbi la pumba linapaa, kila mtu anaita kwa sauti yake.

"Nataka chakula cha panya," alisema zamu yake ilipofika.

Muuzaji akamwekea pakiti nyekundu mezani. "Hii kiboko, dada. Akila hii hakuagi."

"Hiyo ni sumu. Nimesema chakula."

"Si ndiyo? Anakula, ndipo anakufa."

"Sitaki afe!"

Duka zima likamgeukia. Mama mmoja aliyekuwa na kuku kwapani akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema, "Haya, tumefika."

"Mpe ngano nzima na mbegu za alizeti, uchanganye," ilisema sauti nyuma yake. "Zisiwe na chumvi."

Fundi aligeuka. Alikuwa mwanamume mrefu, fulana nyeupe, begani gunia la mikate iliyokauka aliyowaletea wafuga kuku. Alikuwa na unga kwenye nyusi, hata akaonekana kama mzee aliyechorwa na mtoto.

"Wewe unafuga panya?" Fundi alimuuliza.

"Nilifuga zamani. Lakini sema polepole, mimi ni mwokaji. Bosi akisikia, nitaokea barabarani." Akaona bandeji ya kidole. "Alikung'ata mkono ukiwa ndani ya kizimba?"

"Umejuaje?"

"Na akiwa nje yukoje?"

"Hajatoka. Nani wa kumtoa?"

Mwokaji akatabasamu. "Hatolewi huyo, dada. Anatoka."

Walimalizia mazungumzo nje, gunia likiwa katikati yao. Alimweleza kwamba panya wa namna hiyo si mkorofi, ni mwoga mwenye nyumba. Kizimba ni kwake, na kila mkono unaoingia ni mwizi. Nje ya kizimba anaweza kuwa mpole kabisa. Fundi alimsikiliza huku akiitazama mikono yake, mipana, yenye alama ndogo za kuungua na trei. Aliporudi nyumbani alikuwa na mfuko wa ngano, na namba ya simu ambayo hakukumbuka vizuri ni nani aliyeiomba.

Jioni ile simu ililia.

"Umenawa mikono?"

"Salamu kwanza, bwana."

"Hujambo. Umenawa? Kidole kikinuka karanga, yeye anaona karanga. Nawa kwa sabuni isiyo na marashi. Haya, fungua mlango wa kizimba, kisha kaa mbali. Mpe mgongo."

"Akinirukia?"

"Kwa lipi? Hujamwingilia. Weka mtindi kwenye kijiko, kiache mlangoni. Uvae nguo ya zamani uliyoshindia, anuse jasho lako."

"Mimi nanuka jasho?"

"Mimi nimekwambia nini? Yeye ndiye anayetaka kunusa, mimi niko mbali huku, bahati mbaya yangu."

Fundi alicheka, kisha akajishtukia anacheka. "Nyamaza. Ametoa pua."

"Usimtazame."

"Simtazami, namchungulia. Nyamaza wewe!"

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kila jioni kijiko kilisogezwa mbele kidogo: kutoka mlangoni mpaka kwenye sanduku la nyuzi, kutoka sanduku mpaka ukingoni mwa kitanda, kutoka ukingo mpaka kwenye paja la Fundi. Bimkubwa alinyakua, akakimbia, akarudi. Siku alipopanda begani na kumlamba sikio, Fundi alipiga simu mwenyewe.

"Ananilamba sikio, Mwokaji!"

"Mwenye bahati huyo."

"Wewe mtu huna haya."

Mwokaji akamwalika matembezini. Fundi alivaa gauni la kitani la kijani alilojishonea, lenye mifuko miwili na mikono mifupi, la kwanza lisilo jeusi tangu msiba. Mwokaji alikuja na shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, isipokuwa lilikosa kifungo. Fundi alitoa sindano na kifungo kwenye mkoba, akakishona palepale kwenye benchi la bustani, Mwokaji akiwa amelivaa.

"Usipumue, nitakuchoma."

"Laazizi, umekaa karibu hivi na unaniambia nisipumue. Nimeacha zamani."

Nje, Fundi alikuwa mwanamke mwingine. Alitania, alishikwa mkono, alikula mkate wa Mwokaji huku wakitembea. Lakini Mwokaji alipopanda chumbani kuona maendeleo ya mwanafunzi wake, mambo yalibadilika. "Kigoda hicho usikalie. Redio usiizungushe, iache hapohapo. Kikombe hicho hapana, chukua kingine." Shangazi, aliyewakuta hivyo siku moja, alimtazama panya, akamtazama binti wa kaka yake, akaguna. "Na hawa ndio wanaofundishana," alisema.

Kuhusu shati, Fundi hakusema neno. Aliliita "kitambaa cha Bimkubwa". Kila mchana, mnyama akiwa nje, aliinama kizimbani, akaweka pua yake pale, akafumba macho. Hilo lilikuwa lake peke yake, na aliona kulisema ni kulipunguza.

Tatizo lilibaki moja. Bimkubwa alikuwa rafiki wa kitanda na bega, lakini ukiingiza kidole kizimbani, ni yuleyule wa mwanzo. Mwokaji alijua dawa yake: kizimba chote kioshwe, vitu vipangwe upya, pasibaki kona yenye harufu ya kupigania, ili anaporudi akute nyumba ngeni na asiwe na cha kulinda. Alipanga kumfurahisha mpenzi wake. Siku Fundi aliyokwenda kumjaribisha mteja nguo, alimwachia Mwokaji ufunguo. Hakuwahi kumwachia mtu.

Alirudi alasiri na chumba kinanuka sabuni. Kizimba kinang'aa. Bimkubwa anarukaruka kitandani. Mwokaji amekunja suruali, amelowa mpaka magotini, uso umejaa furaha.

"Fumba macho, nikuonyeshe."

Lakini Fundi alikwisha kuona. Dirishani, kwenye kamba, shati lilikuwa linadondosha maji. Madoa ya rangi yalikuwa palepale. Alilishika, akaliweka puani. Sabuni.

"Umefanya nini?"

"Nimeosha kizimba. Na kile kitambaa, lo, kilikuwa kimekauka kama ngozi..."

"Lilikuwa shati la mdogo wangu."

Mwokaji alisimama na kitambaa cha kupangusia mkononi. Furaha ilimtoka usoni polepole. "Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

"Laazizi..."

"Weka ufunguo mezani."

Aliuweka. Alivaa viatu bila kufunga kamba, akashuka ngazi. Baadaye simu ililia, ikalia, ikaacha. Kisha ukaja ujumbe: *Nimekosa. Nilipaswa kuuliza. Sitakuja mpaka uniite.* Na kweli hakuja, wala hakupiga tena, na hilo nalo lilimuudhi Fundi.

Bimkubwa alihangaika. Alikagua kona zote, akasimama kwa miguu ya nyuma, ananusa hewa. Fundi alimrudishia shati lilipokauka. Akalinusa, akalikanyaga, akapita. Chakula hakugusa. Fundi alikaa sakafuni karibu na kizimba, mlango wazi, akiwa hana hata kijiko. Alikuwa anamlilia mdogo wake, na mara hii hakuwa na mahali pa kuficha pua. Bimkubwa alitoka, akazunguka, akaingia ndani ya mkono wa sweta la Fundi, akajikunja kwenye kiwiko, akalala.

Asubuhi iliyofuata, akiwa na usingizi bado, Fundi aliingiza mkono kizimbani kutoa bakuli. Alikumbuka akiwa ameshauingiza. Aliganda. Bimkubwa alikuja, akanusa kile kidole chenye kovu, akakilamba mara moja, akaendelea na shughuli zake.

Fundi alikaa kitandani. Alimwita shangazi yake kwa simu, na shangazi akaja na maneno yake yote.

"Kwa hiyo kosa la huyo bwana ni kufua nguo," alisema, akivua viatu. "Wengine tumeishi na wanaume miaka mingi, hilo kosa hatujaliona."

"Shangazi, alifuta harufu yake. Ilikuwa imebaki pale tu."

Shangazi aliviweka viatu kando. Kisha akamsogelea, akamshika goti.

"Mama, nikwambie? Usikasirike. Shati lile lilinuka mkojo wa panya."

"Shangazi!"

"Lilinuka panya tangu siku ya matanga. Marehemu alikuwa msafi yule. Alioga mara mbili kwa siku na kunimalizia sabuni yangu. Ungemwambia unamkumbuka kwa harufu ile, angekushtaki."

Fundi alifungua mdomo kubisha, kikatoka kicheko. Alicheka mpaka akashika ubavu, na katikati ya kicheko akalia, na shangazi akalia naye, na kila mmoja akamfuta mwenzake kwa upande wake wa kanga.

"Lakini angeuliza," Fundi alisema mwishowe.

"Angeuliza. Na wewe ungesema. Yule kijana amekaa nawe muda wote huu, anamjua marehemu kwa lipi? Kwa kigoda asichokalia?"

Shangazi alipoondoka, Fundi alipiga simu. Ilipokelewa kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Uko wapi?"

"Kazini. Nimetia chumvi mara mbili kwenye unga, wamenifukuza nikapumzike."

"Njoo."

Alimsikia akipanda ngazi, kisha hatua zikakoma. Fundi alisubiri. Hakuna aliyebisha. Alifungua mlango, akamkuta ameketi ngazi ya juu kabisa, kofia mkononi, unga kwenye nyusi.

"Mbona huingii?"

"Hapa panatosha kwanza."

Fundi alimtazama. Alirudi ndani, akachukua kigoda, akakileta ngazini, akamwekea. "Kalia hiki. Kilikuwa chake. Mguu mmoja mfupi, jihadhari."

Yeye akakaa kizingitini. Na akaanza kumsimulia: jinsi mdogo wake alivyokuwa akiiita kila rangi kwa jina la mwalimu aliyemchapa, jinsi alivyomleta Bimkubwa nyumbani ndani ya kofia na kuapa kwa shangazi kwamba ni mtoto wa sungura, jinsi yeye Fundi, siku ya mwisho, alivyopigiwa naye simu asubuhi akasema nitakupigia, nina bibi harusi hapa. Mchana ulipita. Majirani walipanda na kushuka wakiwaruka. Mwokaji alisikiliza, na alipoulizwa kitu alijibu.

"Nilikuosha moyo wote kwa sabuni," alisema mwishowe. "Nisamehe."

"Na mimi nisamehe. Nilikufukuza na viatu havijafungwa."

"Nilianguka pale chini."

"Nilisikia. Nikafurahi."

Mwokaji alicheka. Kisha akawa mnyonge ghafla, akazungusha kofia vidoleni. "Fundi. Nataka tuoane. Najua kuna vitu ndani humo havisogezwi. Nitauliza kila kimoja."

"Kila kimoja? Tutazeeka."

"Ndiyo nia yenyewe."

Fundi aliinua uso, akauma mdomo asicheke. "Nenda kwa shangazi ukaseme naye. Na usimpelekee maneno mengi, anayo ya kutosha."

Shangazi alikubali kabla ya kukaribishwa chai, kisha akajifanya anafikiri, kwa heshima ya familia.

Gauni la harusi Fundi alilishona mwenyewe, la rangi ya maziwa, mabega wazi. Shati la marehemu alilipiga pasi, akalitundika kabatini kati ya nguo za wote wawili, na ana ruhusa ya kulivaa yeyote anayepaka rangi ukuta.

Sasa wanakaa vyumba viwili nyuma ya soko la matunda. Bimkubwa amezeeka, miguu ya nyuma imelegea, na hawezi tena kutoka kizimbani peke yake. Inabidi ashikwe humohumo ndani na kuinuliwa kwa mikono miwili. Kazi hiyo inafanywa na Mwokaji, kwa sababu yeye ndiye anayeamka mapema.