Stata Iliyopigwa Nyundo

Mimi sihitaji mtu. Nyumba yangu iko peke yake msituni, nami niko peke yangu ndani yake, na tunaelewana sana. Kuni napasua mwenyewe. Samaki navua mwenyewe. Gari likigoma, nalitengeneza mwenyewe.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyasema. Nikimwambia nani? Birika la kahawa. Halikunibishia hata siku moja.

Jina langu Jalmari. Kazi yangu ni kupanga magogo, na magogo hayana mazungumzo. Siku sita za juma niliweza kukaa bila kusikia sauti ya mtu. Jumamosi niliendesha kilomita arobaini hadi nyumba ya wazee mjini. Nilimchukua babu yangu, Onni, nikamleta nyumbani kuoga sauna, yaani kukaa katika chumba cha mvuke wa moto. Kwetu Jumamosi bila sauna si Jumamosi. Babu alikuwa akinisubiri mlangoni tangu asubuhi, taulo kwapani.

Basi gari lilikuwa kila kitu. Nalo likaanza kuugua.

Mwezi wa Novemba niligeuza ufunguo, likasema "tak!" Halafu kimya. Nikasema ni baridi. Huku kwetu ukisema ni baridi, hakuna anayekupinga. Nikachomeka waya wa umeme unaopasha injini joto, nikasubiri saa mbili. "Tak!" Nikatambaa chini ya gari, nikaigonga stata kwa nyundo. Stata ni ile mota ndogo inayozungusha injini ili iwake. Injini ikawaka. Nikajiona fundi.

Niligonga hivyo mpaka Januari. Alhamisi moja niligonga mpaka mkono ukafa ganzi. Gari halikuwaka.

Nikapiga simu nyumba ya wazee.

"Tafadhali mwambie babu, Jumamosi hii huenda nisifike."

"Mwambie mwenyewe," muuguzi alijibu. "Mimi siwezi. Taulo ameshalikunja."

Nikaiweka simu chini. Basi la kijijini liliondolewa zamani. Jirani wa karibu alikuwa Tyyne, mama wa miaka sabini, mita mia nne ng'ambo ya shamba. Alikuwa fundi katika gereji ya mabasi miaka thelathini. Kwa miaka miwili tulikuwa tumepungiana mkono tu barabarani. Kwetu huo unahesabiwa kuwa urafiki.

Nikaenda, nikagonga mlango. Akafungua.

"Theluji imeanguka," nilisema.

"Nimeiona. Umekuja kunitangazia hali ya hewa?"

"Hapana. Ni... gari."

"Stata," alisema. "Nakusikia ukiipiga tangu Novemba. Nikawa najiuliza, huyu kijana atachoka lini?"

"Mbona hukuja kuniambia?"

"Mbona hukuja kuuliza?"

Miezi mitatu alinisikia, na miezi mitatu mimi niliuona moshi wa jiko lake. Hakuna aliyevuka shamba.

Akachukua sanduku la zana, tukaenda kwenye gereji yangu.

"Injini ina joto?" aliuliza.

"Ina joto."

"Basi acha kuisingizia baridi." Akaipima betri. Ilikuwa nzima. Akasugua vichwa vyake, akakaza waya. Bado kimya. "Sasa tunajua ni stata. Unaanza kufungua nini?"

Nikanyoosha spana kuelekea stata. Akanipiga kofi mkononi.

"Betri! Fungua kwanza waya wa hasi. Ule waya mnene wa stata una umeme muda wote. Spana ikigusa bodi, utaona fataki za mwaka mpya. Na gari limesimama juu ya nini?"

"Jeki."

"Jeki ni ya kuinua. Ukitaka kulala chini yake, weka stendi za chuma. Babu yako anakutaka mzima."

Tulipoitoa stata, Tyyne alichora mstari wa rangi kutoka kwenye kifuniko hadi kwenye mwili wa stata.

"Wa nini?" niliuliza.

"Ili kila kitu kirudi kilipokuwa."

"Mimi nakumbuka vizuri."

"Mabasi mengi yaliletwa kwangu na watu wanaokumbuka vizuri."

Akafungua boliti mbili ndefu. Vumbi jeusi likamwagika. Akatoa vipande viwili vifupi kama punje za mahindi.

"Hizi ni kaboni. Ndizo zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Zinasuguliwa na kulika kama kisigino cha kiatu. Zako zimekwisha. Nyundo ilikuwa inazisukuma tu ziguse kidogo. Hukutibu kitu, ulikuwa unamwamsha mgonjwa kwa makofi." Akagusa meno ya gia iliyo mbele ya stata. "Na huu uji?"

"Grisi ya boti. Niliipaka kabla ya theluji, ili ilinde."

"Nyuzi ishirini chini ya sifuri hii ni gundi, kijana!"

Akasoma namba iliyoandikwa kwenye stata, akapiga simu duka la vipuri. Ijumaa asubuhi gari la posta likaleta kaboni mpya na bushi mbili, yaani vipete vinavyoshika mhimili usiyumbe. Bushi tulizilaza kwanza kwenye mafuta. Mimi nilisugua duara la shaba linaloguswa na kaboni kwa msasa laini mpaka likang'aa, nikatoa uchafu kwenye mifereji yake. Grisi ya boti niliifuta yote. Tyyne akapaka nyepesi isiyoganda, kidogo tu.

Kabla ya kuirudisha tuliibana kwenye jiliwa, kwa sababu stata ikipata umeme huruka. Tukaiunganisha na betri. Ikazunguka ikiimba. Nilicheka kwa sauti, nikashtuka. Sikuwa nimeisikia sauti hiyo ndani ya ile gereji tangu babu ahamie nyumba ya wazee.

Tyyne alinawa mikono, akaenda zake. Nyumba ikarudi kimya, na safari hii kimya kikaniuma.

Jumamosi gari liliwaka mara moja. Nikamchukua babu. Tukirudi, nilisimama mbele ya nyumba ya Tyyne, nikazima, nikatoka na kufungua boneti. Akaja na mabuti yake, spana mkononi.

"Limegoma?"

"Limegoma kabisa," nilisema. "Hata 'tak' halisemi."

Babu akashusha kioo.

"Mama, usimsikilize. Mimi nimekaa hapa muda wote. Gari amelizima mwenyewe, na ufunguo ameutia mfukoni."

Tyyne alinitazama. Masikio yangu yaliwaka moto katika baridi ile.

"Sasa huyu anataka nini?" alimwuliza babu.

"Muulize mwenyewe," babu akasema. "Tangu tutoke mjini ananong'ona, 'Tyyne, karibu sauna. Tyyne, karibu sauna.' Anadhani mimi kiziwi."