Ulimi wa Mama

Kila Jumamosi asubuhi Kionjo alifagia ua, akaosha masufuria, kisha akangoja kuitwa jikoni. Jina lake hasa lilikuwa jingine, lakini mtaa mzima ulishalisahau. Tangu mama yake apone maradhi yaliyomlaza zahanati, hakuweza tena kunusa wala kupata ladha ya chochote. Ungempa kitunguu amefumba macho, angekitafuna kama tunda. Hata hivyo mama alikuwa mwokaji wa keki, na hakuwa tayari kuacha kazi aliyoipenda. Basi mikono ikawa ya mama, ulimi ukawa wa binti.

Jumamosi hii keki haikuwa ya kuuza. Nesi aliyemuuguza mama alikuwa anastaafu, na sherehe ya kumuaga ingefanyika alasiri pale pale zahanati. Mama alipania kumwokea keki ya tofi.

"Yule dada alinilisha uji kwa kijiko wakati siwezi hata kuinua shingo," alisema huku akipiga mayai. "Angalau leo naye ale kitu kilichotoka mikononi mwangu."

Aliweka sukari kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta, akamsogeza Kionjo karibu. "Isimamie. Usiikoroge, usiiache. Ikifika rangi ya asali, epua, umimine maziwa na siagi na ile chumvi kidogo. Mimi nawasha mkaa uani."

Kionjo akasimama. Sukari ikakaa tu, nyeupe, kama haina haraka na mtu. Nje ya dirisha wenzake walikuwa wanaruka kamba, na mmoja wao alijigamba kwamba leo hakuna wa kumshinda. Majigambo yale Kionjo hakuweza kuyavumilia. Akatoka kwa mlango wa mbele, akaruka kidogo, akamnyamazisha. Aliporudi, jikoni kulikuwa kumejaa moshi na sukari ilikuwa nyeusi.

Mtu mwingine angeisikia harufu ile kutoka uani. Mama hakusikia kitu. Alikuwa akipepea mkaa, na moshi wake mwenyewe ulimwingia machoni. Kionjo akafukuza moshi dirishani kwa kitambaa cha meza, akamimina maziwa na siagi haraka haraka. Tofi ikageuka kahawia, ikang'aa. Akaionja. Ilikuwa chungu kama dawa. Akaongeza sukari, ikawa dawa yenye sukari.

Mama akaingia, akaitazama. "Rangi imekolea vizuri. Haya, ulimi wangu, unasemaje?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema, na Kionjo alijua. Lakini aliona bakuli la unga limeshachanganywa, akaona jinsi mama alivyofurahi, akaogopa.

"Tamu, mama."

Mama akamimina tofi yote kwenye unga, bila kuuliza mara ya pili.

Keki iliokwa uani ndani ya sufuria kubwa, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Kionjo alikaa kando yake akiomba iungue, izame, paka aje aipindue, lolote lile. Keki haikumsikiliza. Iliumuka vizuri kuliko zote alizowahi kuziona. Akamfikiria nesi akitafuna mbele ya wageni na kutafuta mahali pa kutema, na mama amesimama pale akitabasamu, hajui lolote.

Mama alipokuwa anaipoza keki mezani, fundi cherehani wa jirani aliingia ili amsaidie kuibeba. Akavuta pumzi, akakunja pua.

"Dada, usinifikirie vibaya. Mbona nasikia harufu ya kuungua?"

"Pua yako imezoea pasi," mama alimtania. "Kionjo ameonja. Akisema tamu, ni tamu."

Maneno yale yalimuuma Kionjo kuliko kofi.

"Si tamu, mama," alisema, na machozi yakamtoka. "Sukari iliungua. Nilitoka kuruka kamba. Nilijua ni chungu, nikakudanganya."

Mama akakata kipande, akakitafuna polepole. Hakupata chochote. Akakaa kwenye kigoda, kisu mkononi, akiitazama ile keki nzuri.

"Ningempelekea hii," alisema kwa sauti ndogo. "Ningesimama mbele ya watu nikijisifu."

Akalia. Kionjo hakuwahi kumwona mama akilia, hata alipokuwa hoi kitandani. Alitamani achapwe, yaishe.

Fundi cherehani ndiye aliyezinduka. "Machozi hayaoki keki, dada. Kwangu kuna mayai na sukari, na makaa bado ni mekundu. Tutachelewa, lakini tutafika."

Kionjo akaisimamia sukari upya. Wenzake walimwita dirishani, hakuinua macho. Ilipofika rangi ya asali aliiepua, akaimalizia alivyofundishwa. Mama alisogea.

"Unasemaje?"

Muda ulikuwa umewabana, na fundi cherehani alikuwa ameshashika mwiko. Kionjo akaonja, akaonja tena. "Chumvi imezidi kidogo, mama. Nisamehe."

Mama akaongeza maziwa, wakarudia kuonja, ndipo wakaoka.

Walifika hotuba zikiendelea. Nesi alikula kipande chake, akaomba kingine, akamkumbatia mama mpaka kofia yake ya unesi ikaanguka.

Jioni, njiani kurudi, mama alimshika Kionjo mkono.

"Sukari ikiungua tunaweka nyingine," alisema. "Mimi mwenyewe nimeunguza nyingi tu. Lakini ulimi mwingine sina. Wewe ukinificha, nani ataniambia? Mtu akikuamini hivyo, mwambie ukweli hata ukiogopa, na umwambie mapema, kabla hajamimina."

"Sitarudia, mama."

Mama akafungua mkoba, akatoa kipande cha keki alichofungiwa na nesi, akakimega katikati. Akala nusu yake, nusu akampa binti.

"Haya, niambie. Nakula nini?"

Kionjo akatafuna taratibu, akafikiri sawasawa kabla ya kujibu.

"Tofi, mama. Tamu sana. Ila pembeni imekauka kidogo."

Mama akacheka mpaka akasimama njiani.