Gunia la Thembo A.

"Esperance! Toa mikono yako humo!"

Nilipiga kelele hadi wenzetu wote wakaacha kazi.

Ndani ya pipa, kati ya karatasi zilizolowa, nilikuwa nimeuona mwandiko wa marehemu mdogo wangu.

Na aliyeshika mti wa kukorogea alikuwa Esperance. Rafiki yangu, aliyelala nami mkekani siku zote za msiba...

Ndugu msomaji, kaa nikueleze. Mimi si mtu wa maneno mengi. Nimesoma hadi kidato cha nne tu, na hii naiandika nisije nikasahau.

Naitwa Biira. Kwetu ni Mahango, mlimani. Mdogo wangu alikuwa Thembo Aaron. Nilimfundisha kuandika mimi mwenyewe, kwa mkaa, kwenye mlango wa jikoni. Herufi y aliipa mkia mrefu kama wangu, na hata alipofika chuo kikuu hapa Kasese hakuuacha.

Utafiti wake wa mwisho ulihusu karatasi. Alitaka chuo kiache kuchoma karatasi kuukuu, zilowekwe, zipondwe, zianikwe zitumike tena. Hakuwa na kompyuta. Aliandika yote kwa mkono, kwa biki ya bluu.

Mwezi wa tano, mto Nyamwamba ulifurika. Aaron alirudi kumvusha jirani yetu mzee. Mzee alivuka...

Tulimpata siku ya tatu.

Miezi mitatu baadaye chuo kikatangaza kwamba barua, bahasha na mafaili yote yatatoka kwenye karatasi iliyotengenezwa upya. Wazo la mdogo wangu! Wakajenga banda, wakaweka mapipa na fremu za wavu, wakaajiri wanawake sita. Mimi na Esperance tulikuwa miongoni mwao.

Esperance ni wa Butembo, ng'ambo ya mpaka. Vita vilimleta Bwera kwa shangazi yake, Mama Yvette, muuza vitenge. Siku za kazi alikaa nami katika chumba changu cha Bulembia. Kufuli moja, funguo mbili. Aliniita Yaya, yaani dada mkubwa.

Siku ya kwanza nilikwenda stoo, kulikowekwa magunia ya karatasi za wanafunzi waliopita, yakingoja kupondwa. Mtunza stoo, aliyekuwa pia msimamizi wetu, alikuwa Mugume, mwanajeshi mstaafu. Sote tulimwita Afande.

"Afande, naomba gunia la mdogo wangu kabla halijaletwa bandani. Thembo A."

"Thembo gani? Hapa Thembo ni wengi!"

Ni kweli. Kwetu Bakonzo jina hufuata zamu ya kuzaliwa, na mtoto wa kiume wa tano ni Thembo, azaliwe Mahango, azaliwe Bwera.

Lakini nilikuwa na uchungu. Nikamjibu vibaya.

"Kwani kuna Thembo mwingine aliyekufa?"

Akavuta gunia lenye maandishi THEMBO A., akalitupa miguuni pangu.

"Fungua, hakikisha, saini."

"Kwetu vitu vya aliyekufa maji havifunguliwi mpaka matanga yaondolewe, Afande."

"Mimi sijui mambo yenu. Saini!"

Nikasaini. Nikalibeba kichwani mpaka nyumbani, nikalifunga juu kwenye boriti. Kila asubuhi niliamka, nikalitazama, nikasema, "Aaron, umeamkaje?" Esperance hakunicheka. Naye alianza kulisalimia.

Sasa turudi kwenye pipa...

Siku ile nilijua jambo moja tu. Gunia liko chumbani kwetu, na ufunguo wa pili anao Esperance. Kila mmoja wetu alitakiwa kumaliza magunia matatu kwa siku, na jana yake yeye alipungukiwa.

"Ulikosa karatasi, ukamchukua mdogo wangu!"

"Yaya, miye? Hapana! Hii gunia imetoka mu stoo. Afande ndiye amenipa!"

"Mwandiko huu naujua!"

"Na miye naona, Yaya. Lakini yake si iko kwetu nyumbani? Ulisema yake uliisha kubeba..."

"Ndipo ulipoiba!"

Akaangua kilio. Akanishika mikono kwa mikono yake iliyojaa rojo.

"Twende tufungue. Nakuomba, Yaya. Tufungue tu, utaona mwenyewe."

"Unataka nivunje mila ya baba yangu ili nifunike wizi wako?"

Mackline, mwenzetu wa pipa la pili, akanivuta kanga. "Biira, taratibu. Msikilize mwenzako."

"Nyamaza! Wewe amekuibia nini?"

Afande akaja akikimbia.

"Nini hapa? Nataka kazi, sitaki makelele!"

"Huyu ni mwizi, Afande. Ama aondoke yeye, ama niondoke mimi!"

Jamani... ulimi! Mimi nilikuwa dada wa marehemu, yule ambaye wazo lake lilijenga banda lile. Nani angeniambia niondoke mimi?

"Wewe Mukongomani, toka! Kesho usionekane hapa!"

Esperance akavua aproni, akatoka. Nikafunga kazi mapema, nikamtolea vitu vyake nje na kumdai ufunguo. Akasema uko bandani, ndani ya aproni yake. Nikamwambia akalale na ufunguo wake hukohuko.

Neno lake la mwisho lilikuwa, "Yaya, ungefungua tu."

Nilipoingia ndani niliangalia gunia. Lilikuwa limefungwa vilevile. Lakini nikajiambia, amechukua, amefunga tena.

Ndugu msomaji, mwenye hasira hakosi ushahidi.

Mwezi wa kumi na mbili tukaondoa matanga kule Mahango. Ukoo wote ulikuwa uani. Baba mdogo Crispus akachukua kisu, akakata kamba ya gunia.

Wa kwanza kuingiza mkono nikawa mimi.

Karatasi ya juu ilihusu mbuzi.

Ya pili, mbuzi. Ya tatu, magonjwa ya mbuzi. Mwandiko kama kuku amepita kwenye matope. Na chini kabisa jina: THEMBO ANANIAS.

"Huyu ni nani?" akauliza baba mdogo.

Binti mmoja akajibu, "Si yule mwalimu wa Ibanda? Jumapili nilimwona kanisani."

Yu hai! Kwa miezi mitatu nilikuwa naamkia mbuzi wa mtu aliye hai...

Nikakaa chini. Hakuna aliyeniibia. Gunia la Aaron lilibaki stoo, likasubiri zamu yake, na Esperance alipewa kama alivyopewa mengine. Aliona THEMBO A. akajua wetu tayari yuko salama nyumbani.

Mto ulimchukua mdogo wangu mara ya kwanza. Mara ya pili nilimpeleka majini mimi.

Kesho yake nilikuwa Bwera, mlangoni kwa Mama Yvette. Hakunikaribisha kiti.

"Esperance yuko wapi, mama?"

"Alivuka mpaka. Kazi haikuwa tena. Angekula nini?"

"Simu yake haipatikani..."

"Ni hivyo. Hata miye sijamusikia toka wiki tatu."

Nikapiga magoti palepale, juu ya vitambaa vyake. Nikamwambia yote, mbuzi na kila kitu. Alinisikiliza bila kupepesa macho. Kisha akaingia ndani, akarudi na kifurushi cha kitenge.

"Aliacha hii. Alisema: kama Yaya atakuja kwa hasira, musimupatie. Kama atakuja akilia, mumupatie."

Nikafungua. Safari hii nilifungua.

Karatasi arobaini na moja. Nene, za kijivu, zenye vidoadoa vya bluu.

"Siku ile ulipomufukuza, alirudia mu banda," Mama Yvette akasema. "Aliomba yule Afande usiku moja tu. Alitoa yote yenye ilikuwa mu pipa, akaifanya peke yake, ili mutoto wenu asichanganyike na watu wengine."

Nikazigeuza moja moja.

Katika karatasi ya mwisho kuna kipande ambacho hakikupondeka. Kidogo kama ukucha. Kina herufi moja tu: y, yenye mkia mrefu. Na ndani ya mkunjo wa kitenge, ufunguo wangu.

Wewe unayesoma, mila ya kwetu siilaumu. Mila ilisema nisifungue gunia. Haikusema nifunge masikio. Mwenzako akikuambia "twende tuangalie," nenda mkaangalie. Kuangalia kungenichukua dakika moja.

Maneno haya niliyaandika kwanza kwa mkono, kwenye moja ya karatasi zile, kabla ya kuyaweka hapa. Zimebaki arobaini. Sitaandika kwenye nyingine yoyote.

Kama uko Butembo, Beni au Kasindi, na unamjua Esperance, binti mrefu mwenye kovu dogo kwenye nyusi, msomee.

Mwambie nimefungua.

Mwambie na kufuli ni ileile, na ufunguo wake nimeutundika kwenye boriti, pale lilipokuwa gunia. Kila asubuhi nausalimia.