Uvimbe Chini ya Kitambaa

Kila asubuhi Rosalie alishuka barabarani kungoja malori ya samaki kutoka Kapolowe. Alinunua samaki, akawapanga kwenye beseni, akajitwisha na kwenda kuuza katika kambi ya wafanyakazi ya Panda, mjini Likasi. Kiwanda chao kilikuwa kimelala, mishahara hakuna. Watu walikula mara moja kwa siku, na samaki mmoja aligawanywa kama urithi wa marehemu. Mchana Rosalie alirudi, akapika ugali wa mtu mmoja. Ugali wa mtu mmoja hauchukui muda. Jioni ndiyo iliyokuwa ndefu.

Zamani hakuwa peke yake. Mumewe, Kazadi, alikuwa mtu wa mkoa wa Kasai. Wakasai walipofukuzwa mjini, alipanda treni pamoja nao, akasema atamwita mkewe akipata mahali. Miaka ilipita bila neno. Kabedi, jirani na rafiki yake, aliondoka kwa treni hiyohiyo. Kabedi ndiye aliyekuwa akimsuka nywele kila Jumapili baada ya misa. Tangu hapo Rosalie alizikata nywele mwenyewe, akafunga kitambaa, basi. Hakuna mtu aliyegusa kichwa chake tena.

Katika nyumba ya Kabedi sasa aliishi Orpa, mjane wa kanisa la maombi, mwenye sauti kubwa ya kuimba. Rosalie alimjibu salamu kwa pua tu. Kwake yeye, aliyelala chini ya bati lile alikuwa mwizi, hata kama alilipa kodi kama watu wote.

Uvimbe ulianza utosini, mdogo kama punje ya mahindi. Haukuuma. Rosalie alijiambia kwamba ni mzigo, kwa maana wachuuzi wote husema hivyo. Akaitengeneza upya kata yake, ile pete ya nguo inayowekwa kichwani chini ya beseni. Aliipanua katikati, uvimbe ukakaa ndani ya tundu bila kuguswa na mzigo. Alijiona mjanja kweli. Jioni aliukanda kwa maji ya moto, akaubonyeza kwa nguvu ili urudi ndani.

Haukurudi. Uliendelea kukua hadi ukawa kama ndimu, tena laini. Usiku Rosalie alitoka jasho, na nguo zake zikaanza kumpwaya. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Lakini Rosalie hakuwa anaficha. Hakuwa na wa kumwonyesha.

Siku moja, akichota maji bombani, aliinama na kitambaa kikaanguka. Uvimbe ulikuwa umepasuka kidogo na kutoa usaha. Orpa, aliyesimama nyuma yake, akaweka ndoo chini.

"Mama Rosalie, ile kintu ya ku kichwa ilianza siku gani?"

"Ni muzigo tu."

"Muzigo haitoboe muntu kichwa. Twende ku dispensaire. Kama hautaki kutembea na minye, tangulia mbele. Mi nitakufwata."

Ndivyo walivyokwenda. Rosalie mbele, Orpa nyuma.

Muuguzi wa zahanati, Mama Mathilde, aliosha mikono, akapapasa pembeni mwa uvimbe bila kuubonyeza. Akauliza kuhusu homa, jasho, kukonda na kikohozi.

"Jipu iko na moto, tena inauma," alisema. "Hii ni baridi. Na hapa chini sisikie mufupa. Usiikande tena, usiichanje, usibebe kintu ku kichwa. Unapashwa kupiga radio."

Radio ni picha ya mifupa. Hospitalini daktari aliiinua picha hiyo dirishani. Katikati ya weupe wa fuvu palikuwa na doa jeusi. Hilo ni tundu, alieleza, mfupa umeliwa. Magonjwa kadhaa hula mfupa wa kichwa: kifua kikuu, vidudu vingine, hata saratani. Picha peke yake haisemi ni ugonjwa gani. Lazima uvimbe usafishwe na kukatwa kipande kidogo cha kupimwa. Wakichelewa, ugonjwa unaweza kufika kwenye ubongo.

Kisha akauliza nani atakuwa garde-malade, yaani ndugu wa kukaa na mgonjwa, kumpikia na kumfulia. Bila mtu huyo hawezi kumlaza.

Rosalie alitazama sakafu. "Siko na muntu," alisema. Alihisi kama anaisoma hukumu yake mwenyewe.

Orpa, aliyemfuata hadi hapo, alikuwa ameketi mlangoni. "Minye niko hapa," alisema.

Rosalie aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Lakini hakukataa.

Alipasuliwa, akalala hospitalini. Orpa aliwasha mkaa uani, akapika uji, akafua mashuka. Siku moja Rosalie alimuuliza kwa nini huimba kwa sauti kubwa vile. Orpa alisema mumewe alifukiwa na udongo katika mashimo ya madini ya Shinkolobwe, na watoto hakujaliwa.

"Naimba juu nyumba inanyamaza sana," alisema.

Rosalie alimsogezea nafasi kitandani, wakaketi pamoja.

Majibu yalitoka: kifua kikuu cha mfupa. Rosalie alishangaa, kwani hakukohoa hata siku moja. Mama Mathilde alimweleza kwamba ugonjwa huo huingia kwa pumzi, kisha unaweza kushika mfupa wowote. Alipigwa picha ya kifua pia, mapafu yakaonekana mazima. Dawa ni vidonge vya miezi mingi. Mkojo utakuwa mwekundu, asiogope. Macho yakiwa ya njano, arudi mara moja. Na akipata nafuu asiache, maana ugonjwa ulioachwa nusu hurudi na nguvu, na dawa haziuwezi tena.

Nafuu ilikuja upesi, na Rosalie alitaka kuacha. Vidonge vilimchafua tumbo. Orpa alisimama mlangoni kila asubuhi na kikombe cha maji, akangoja mpaka ameze. Samaki sasa waliwauza pamoja, kwa mkokoteni.

Mwishoni daktari alipiga picha nyingine. Kingo za tundu zilikuwa zimekaza na tundu limepungua. Jasho lilikwisha, mwili ukarudi. Alikuwa amepona.

Kazadi bado hakuleta habari, na jioni nyingine zilikuwa ndefu vilevile. Siku ya kumaliza dawa, Mama Mathilde alimuuliza kama ana ndugu wa kumsindikiza nyumbani.

"Ndugu siko naye mu Likasi," Rosalie alijibu. Akatazama nje.

"Lakini iko Orpa. Ananingoya ku mulango."