Vidole Vitatu vya Bi Alusa

Ndani ya mtungi wa kioo uliofungwa kwenye bega la Bi Alusa, mkono ulikuwa unaota. Kiganja kilikwisha kutoka, na vidole vitatu, kila kimoja na ukucha mwembamba kama ngozi ya ndani ya korosho. Viwili vya mwisho vilikuwa bado tumba.

"Hiki cha kati kinaniringia," Bi Alusa alisema akikitikisa. "Kina wiki mbili tu duniani!"

Daktari Zuhra Namkaa alicheka. Mashine iliyouotesha mkono huo aliibuni yeye, na jina akalitunga yeye: Kinyamazishi. Wafadhili walitaka jina la kigeni, akagoma. Mtu akikatwa, jeni za kolajeni, nyuzi zinazoishika ngozi, huamka kwa kishindo na kufuma kovu, kama fundi anayeziba tundu kwa saruji ili awahi kwake. Salamanda, mnyama mfano wa mjusi anayeotesha upya mguu uliokatika, hana haraka hiyo. Huzituliza kwanza, nyama ichipue, mfupa upate njia; ndipo huziamsha. Kinyamazishi kilikuwa kinaufundisha mwili wa mfinyanzi huyu subira ileile, baada ya kinu cha udongo kumla mkono. Wiki iliyofuata, wageni wa nchi ishirini wangefika Mtwara kuona vidole vitano.

"Mwanangu, nitazame shavu. Linaniwasha tangu juzi."

Zuhra akasogeza taa. Chale ambazo Bi Alusa alichanjwa na bibi yake alipotoka unyagoni zilikuwa zimelainika. Mbili hazikuwapo kabisa.

Akaelewa. Dawa ya Kinyamazishi ilikuwa imevuka bega, inanyamazisha kolajeni mwili mzima, na kovu la zamani halisimami lenyewe. Mwili hulifuma upya kila siku. Yeye alijifunza yote kwa salamanda, na salamanda hana kovu la kupoteza.

"Kosa ni langu, Bi Alusa. Zinafutika."

"Zitarudi?"

"Hazirudi. Nikizima leo, zilizobaki zitabaki. Lakini kolajeni ikiamka, kovu litayaziba matumba. Vidole viwili hutavipata tena."

Bi Alusa akavihesabu vidole, akajigusa shavu.

"Nitafinyanga vyungu vilivyopinda, na wale wambea wa mtaani kwetu Mkanaledi watanicheka mpaka wachoke," alisema. "Wacheke. Uso huu aliuandika bibi yangu. Zima."

Miaka kumi na moja ya kazi ilikuwa kwenye swichi ile. Zuhra akaizima.

Siku ya wageni, Lipande, mkurugenzi wa kituo, alimvuta pembeni ya ukumbi, jasho likimtiririka.

"Vitatu? Tuliwaahidi vitano! Panda pale uwaombe radhi. Sema mgonjwa alishikwa na mambo ya kizamani."

Zuhra akapanda jukwaani. Mstari wa mbele Bi Alusa alikaa kichwa juu, chale zikimeremeta, mkono mpya ukiwa wazi juu ya kanga ili kila mwenye macho aone.

"Mkono huu umeota hapa Mtwara," Zuhra alisema kwa Kiswahili, wakalimani wakikimbizana na maneno yake. "Una vidole vitatu. Ungekuwa na vitano, lakini mwenye mkono alisema basi, nami nikamtii. Nimetumwa niwaombe radhi."

Akamtazama Lipande.

"Siombi."