Vipimo Thelathini vya Kivulini

Mtoto wa tatu alianguka Jumatatu saa tatu na robo asubuhi, mwili ukimtetemeka, mdomo umejaa mchanga wa uwanja wa chekechea. Saa nane hospitali ilitoa jibu lile lile la wenzake wawili: damu yake ina madini ya risasi. Mkaguzi wa afya alipofika kesho yake, mtaa ulishampata mkosaji, fundi betri wa jirani, maana betri za gari zina risasi.

"Pima kwanza, dada," fundi alimwomba. "Wameapa kunichomea kibanda. Wanangu watakula wapi?"

Mkaguzi alitoa mashine yake ya mkononi, yenye umbo la drili, akaibana ardhini kando ya uzio wa fundi na kusubiri dakika nzima. Kioo kikaandika arobaini, yaani miligramu za risasi katika kilo ya udongo. Akahamia kwenye bembea. Elfu mbili mia tatu, na uwanja wa watoto hautakiwi kuzidi mia mbili. Akachimba hapo hapo hadi kiwiko kikazama, akapima tena: thelathini na tano. Sumu ilikuwa juu tu, kwa hiyo ililetwa na udongo wa kujazia.

"Kifusi hiki kilimwagwa lini?" alimuuliza mwalimu mkuu.

"Mwezi wa kwanza. Mjenzi mmoja alitupa bure. Lakini kilipimwa, cheti ninacho. Mzee Kipimo mwenyewe alipima sehemu thelathini."

Mzee Kipimo ndiye aliyemfundisha mkaguzi kazi, na ofisini meza zao zilitazamana.

Jumatano saa mbili alimkuta mzee anakunywa chai. Mkaguzi alikuwa ameshafungua kumbukumbu za mashine ya mzee.

"Shikamoo, mzee. Zile sehemu thelathini za chekechea ulipima wapi?"

"Marahaba. Si uwanja mzima, kona zote nne?"

"Mashine inasema ulianza saa nne na dakika tano, ukamaliza saa nne na dakika thelathini na sita. Kila kipimo kinakula dakika nzima. Ulitembea saa ngapi?"

"Nilikuwa na haraka."

"Na majibu yote ni kati ya thelathini na mbili na thelathini na nne. Hakuna uwanja unaofanana hivyo. Ulikaa kivulini na ndoo moja ya udongo safi, ukaipima mara thelathini."

Njia ya mwongo ni fupi. Mzee aliweka kikombe chini.

"Yule mjenzi ni shemeji yangu. Kifusi kilitoka kiwanda cha zamani cha betri, akakosa pa kukitupa. Ndugu ni ndugu, binti yangu."

"Ulijua kina sumu?"

"Kujua kwa hakika, sikujua."

Mkaguzi alifungua daftari la mahudhurio la chekechea. "Siku nne baada ya cheti chako, mtoto mmoja alihamishwa. Mmoja tu. Mjukuu wako."

Mkaguzi alimwonea mzee kinyaa. Miezi mitano mtu huyu alikuwa akimsalimia kila asubuhi na kumuuliza hali ya nyumbani.

"Ulimtoa wako, ukawaacha thelathini na wanane wachezee uchafu ule."

"Wale si wangu," alisema mzee, bila hata kupandisha sauti.

Mkaguzi aliyaandika maneno hayo kwenye karatasi ya maelezo ya mzee, kama yalivyotoka, akamsukumia kalamu atie sahihi.