Vidonge Vikubwa vya Chola

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chola alimpelekea mama yake dawa na kikombe cha maji. Mama Joséphine alikuwa na mimba ya miezi sita, na binti huyo wa miaka kumi na miwili alijitwalia kazi hiyo mwenyewe. Majirani wa mtaa wao wa Hewa Bora walimsifu, nao hawakukosea.

Kituo cha afya kilimpa mama vidonge vidogo vya kuongeza damu. Chola aliviona vidogo mno. Akanunua kwa muuza dawa wa njiani vidonge vikubwa vya vitamini iitwayo asidi foliki, vyenye nguvu zaidi ya mara kumi, akawa anampa mama hivyo kimya kimya, naye mama akidhani vimetoka kituoni. Alitaka mtoto azaliwe na afya tele.

Mwezi uliofuata mama alishikwa na malaria akalazwa kituoni, ingawa huko alikuwa amemezeshwa vidonge vitatu vya kinga ya ugonjwa huo. Muuguzi, Mama Agnès, hakuwa mtu wa kukisia. Alipima damu, akaanza matibabu, kisha akaagiza aletewe kila dawa iliyomezwa nyumbani, hata majani ya kuchemsha.

Chola alileta vidonge vidogo tu. Kopo la vile vikubwa lilibaki ndani ya mfuko wa shule. Aliogopa aibu, lakini alimwogopea zaidi mama aliyekuwa akitetemeka chini ya kitenge. Akalitoa kopo.

"Ni miye njo nilimupatia hizi. Mama hakujua," alisema, machozi yakimlengalenga.

Muuguzi hakumkaripia. Alieleza kwamba vidonge vya kinga huwanyima vijidudu vya malaria foliki wanayoihitaji, na kwamba vitamini hiyo ikizidi, kinga hupungua nguvu. Vidonge vidogo vya kituo havikuwa na shida hiyo, kwa kuwa foliki yake ni kidogo.

Baada ya siku chache mama alipata nafuu, akatoka kwa miguu yake mwenyewe. Mama Agnès akamsimamisha Chola mbele ya wajawazito waliokuwa wakingoja kwenye mabenchi.

"Huyu mutoto alikosea, lakini alisema kweli, hata vile aliogopa," alisema. "Vitamini nayo iko dawa. Mutuulize mbele ya kuimeza, na musitufiche kintu."

Kisha mwanamke mmoja akafungua mkoba wake, akatoa kopo la vitamini. Wa pili naye akatoa lake.